Enable na Arc ya tatu: malkia anapendwa kinoma, ila mita 200 za mwisho hazijui mapenzi

Wadau wa mikeka na wasio na mikeka, wikiendi hii mpira uwekwe pembeni kidogo. Kesho Jumapili, Oktoba 6, 2019, saa 11 jioni na dakika chache kwa saa za Afrika Mashariki, pale Longchamp, Paris, inakimbizwa Prix de l'Arc de Triomphe. Mita 2,400 kwenye majani, farasi 12, zawadi jumla euro milioni 5. Kwa asiyeijua, hii ni kama fainali ya Champions League kwa farasi wa mbio za tambarare, zile zisizo na kuruka viunzi. Imeanza 1920. Na kwa karibu miaka mia yote hiyo, hajatokea farasi hata mmoja aliyeibeba mara tatu.

Hapo ndipo moto ulipowaka. Kuna farasi jike mmoja wa Uingereza anaitwa Enable, kashinda 2017, kashinda 2018, na kesho anaitaka ya tatu. Mtandaoni ameshavishwa taji tayari. Ukiandika tu kwamba anaweza kufungwa, unapigwa mapovu mpaka unafuta posti mwenyewe. Watu wanamwita malkia, na wengine hata majina ya wapinzani wake hawayajui. Ushabiki umekuwa wa Simba na Yanga kabisa.

Haki yake apewe kwanza. Amekimbia mara 14 maishani, ameshinda 13. Ile moja aliyopoteza ilikuwa Aprili 2017, bado hajulikani na mtu. Tangu hapo ni ushindi 12 mfululizo, na sio wa mbio za vichochoroni. Mwaka jana aliibeba Arc, akapanda ndege kwenda Marekani, akabeba Breeders' Cup Turf, na hakuna farasi aliyewahi kufanya hivyo mwaka mmoja kabla yake. Mwaka huu kashinda Eclipse pale Sandown, kashinda King George pale Ascot, kamalizia York mwezi wa nane. Hakuna wa kubisha. Huyu ni mkubwa.

Sasa mapovu yaje, lakini lisemwe. Kesho Enable hafai kubetiwa kwa bei aliyowekewa, na kuna uwezekano mkubwa asishinde.

Bei yake iko chini ya 2.00. Maana yake wenye kamari wanamwona ana zaidi ya nusu ya nafasi zote, halafu wale wengine 11 wajumlishwe wote kwa pamoja bado wako chini yake. Kwenye mbio ya farasi 12, kwenye tope, mwisho wa msimu mrefu, hiyo sio hesabu. Hayo ni mapenzi. Na hela ya kodi ya nyumba isiguswe kwa ajili ya mapenzi ya mtu aliyeko Paris.

Rudi kwenye video ya mwaka jana, iko mtandaoni bure. Enable alikuwa na mbio moja tu mwaka mzima kabla ya Arc, kwa sababu ya jeraha la goti. Kwenye mnyoosho wa mwisho akatoka mbele, akaachia pengo, mashabiki wakaanza kukumbatiana. Halafu huku nyuma kabisa akatokea binti wa miaka mitatu anaitwa Sea of Class. Alikuwa anakula ardhi kama kaambiwa nyumbani kunaungua. Mwisho tofauti ilikuwa shingo fupi tu. Hatua mbili zaidi, hadithi ingekuwa nyingine. (Sea of Class hayupo tena, ugonjwa wa tumbo ulimwondoa mwaka huu. Inauma, maana kesho alitakiwa kuwepo.)

Mashabiki walisema ile ilikuwa sababu ya goti na kukosa mazoezi ya kutosha. Sawa, inakubalika. Ila mwezi wa saba mwaka huu, akiwa mzima wa afya, pale Ascot kwenye King George alibanana na Crystal Ocean mnyoosho mzima, bega kwa bega, akashinda kwa shingo. Ni vita nzuri, ya kusimulia wajukuu. Ila wasiompenda sana wataona kitu kingine pale: Enable akishatoka mbele hawaachi tena watu mbali kama zamani. Anashinda kwa roho. Na roho nayo ina siku zake.

Halafu kuna hii ambayo watu wa umbea wataipenda. Enable sio wa kwanza kuitafuta ya tatu. Kabla yake kulikuwa na farasi saba walioshinda mara mbili, na wa mwisho kati ya hao ni Treve, jike la Ufaransa. Habari za Treve zina drama kuliko tamthilia za Kituruki.

Mwaka 2013 Treve alipangiwa mpanda farasi mmoja Mtaliano, maarufu kuliko wote, yule ambaye akishinda anaruka juu kutoka kwenye tandiko kama anatupwa na springi. Siku chache kabla ya Arc, Mtaliano akavunjika kifundo cha mguu. Akapandishwa mzee mmoja Mfaransa, mpole, hana makuu. Mzee akashinda kwa urefu wa farasi watano. Mwaka uliofuata Mtaliano akapona, akarudishiwa farasi wake, wakapoteza mara mbili. Akashushwa, akarudishwa mzee mpole. Oktoba 2014 Treve akashinda tena, mzee juu, na Mtaliano akiwa kwenye mbio ileile juu ya farasi mwingine, akitazama mgongo wa demu wake wa zamani. Wewe fikiria tu moyo wake.

Ikafika 2015. Treve yuko nyumbani kwao, Wafaransa wote wako nyuma yake, magazeti yameandika historia kabla haijatokea. Mtaliano naye kaja na kijana wa miaka mitatu anaitwa Golden Horn. Kapangiwa geti la nje, mahali pabaya. Alichofanya, alikwenda peke yake pembeni mwanzoni, mbali na wenzake, akaingia taratibu mpaka karibu na anayeongoza. Golden Horn akashinda. Treve akawa wa nne.

Sasa kesho, juu ya Enable, amekaa nani? Mtaliano huyohuyo. Na mwalimu wa Enable ndiye aliyekuwa mwalimu wa Golden Horn. Yaani watu waliomnyima Treve ya tatu ndio hao wanaoitafuta ya kwao. Huyo Mtaliano ana Arc sita, ana miaka 48, hakuna anayeijua hii mbio kumzidi. Lakini anajua vizuri sana pia jinsi inavyovunjwa ya tatu: anatokea mtu ambaye hana presha, amebeba uzito mdogo, anakimbia mbio yake.

Suala la uzito wengi wanaliruka. Enable alipoishinda ya kwanza akiwa na miaka mitatu alibeba kilo 55. Kesho ana miaka mitano, anabeba 58. Vijana wa kiume wa miaka mitatu wanabeba 56.5, yaani yeye jike ndiye anamwachia dume kilo moja na nusu. Na mara ya mwisho jike wa miaka mitano kushinda Arc ilikuwa 1937, anaitwa Corrida. Treve alipofeli naye alikuwa na miaka mitano. Sheria hazijaandikwa kumwonea mtu, vijana wanapewa nafuu kwa sababu miili haijakomaa. Ila ikifika Oktoba, kijana ameshakomaa na nafuu bado anayo.

Kwa kawaida jike wa kiwango hiki angekuwa ameshapelekwa kuzalishwa siku nyingi. Hii mbio yenyewe hairuhusu dume aliyehasiwa kukimbia, kwa sababu inatafuta wazazi wa kesho. Mwenye Enable, mwanamfalme wa Saudi Arabia, aliamua kumbakisha mwaka mzima zaidi kwa ajili ya siku moja hii. Tajiri gani anahatarisha mali kama hiyo? Huyo anastahili heshima, hata kama mkeka hauendi upande wake.

Haya, hao wapinzani sasa. Na hapa ukoo unachekesha. Kuna dume mmoja mzee wa Ireland anaitwa Galileo, alishinda Derby ya Epsom mwaka 2001, na watoto wake wamejaa kila kona. Kesho Japan ni mtoto wake, Magical ni mtoto wake, Waldgeist ni mtoto wake. Na baba yake Enable, Nathaniel, naye ni mtoto wa Galileo. Kwa hiyo kiukoo Magical ni shangazi yake Enable, na Japan ni baba mdogo aliyezaliwa baada ya mtoto wa kaka yake. Kikao cha familia, ila cha euro milioni 5.

Japan, kwanza, hatoki Japani. Wengi wamejichanganya hapo. Ni wa Ireland, kwenye zizi la yule mwalimu ambaye mwaka 2016 aliweka farasi wake nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu kwenye Arc moja. Kijana ana miaka mitatu, alikuwa wa tatu kwenye Derby, halafu akaanza kupanda ngazi. Akashinda Ascot, akashinda Grand Prix de Paris hapohapo Longchamp mwezi wa saba, akashinda York mwezi wa nane kwa kumzidi Crystal Ocean kichwa. Crystal Ocean ni yuleyule aliyebanana na Enable. Kwa karatasi, huyu ndiye mpinzani. Shida yake ni kwamba amekuwa moto tangu Juni bila kupoa, na wale wa namna hiyo Oktoba huwa inawakuta vibaya.

Shangazi Magical apumzishwe tu. Kashinda Irish Champion Stakes mwezi uliopita, ni mzuri kweli, ila kakutana na Enable mara nne na mara nne kaona mkia. Kama kuna siku ya kumpiga, kwa nini iwe kesho?

Ghaiyyath huyu ni kesi ya pekee. Ni wa Godolphin, jezi ya bluu ya Dubai, na mwezi uliopita kule Baden-Baden, Ujerumani, alishinda kwa urefu wa farasi 14. Kumi na nne, wadau. Picha ya mwisho ilionekana kama yuko mazoezini peke yake. Ndugu zetu walioko Ghuba wameshamchukua, na ni haki yao. Ila tabia ya Ghaiyyath inajulikana. Anapenda kwenda mbele, akiachwa peke yake anaua. Akibanwa, ni mtu mwingine. Mwezi wa nne mwaka huu hapohapo Longchamp, kwenye Prix Ganay, alimaliza wa tatu, na walioshiriki hawakuwa wengi wala wabaya kuliko wa kesho. Kesho hawezi kuachwa peke yake. Ila akienda mbele, na ataenda, ndiye atakayeamua mbio hii itakuwa ya aina gani, na hilo linarudi chini kidogo.

Wajapani wameleta watatu: Kiseki, Fierement na Blast Onepiece. Wameshinda mbio kubwa kwao, lakini majani ya kwao ni makavu na ya kasi, na Paris mvua imenyesha. Japani na Arc ni mapenzi ya upande mmoja ya miaka mingi. Wamekuwa wa pili mara nne bila kushinda hata moja. Iliyouma kuliko zote ni 2012. Farasi wao Orfevre alipita watu wote kwenye mnyoosho kama wamesimama, akawa mbele peke yake, nchi nzima usiku ule iko macho. Halafu akaanza kukata kona kuelekea uzio, akapoa, na jike mmoja Mfaransa aliyekuwa hana jina, Solemia, akamrudia hatua kwa hatua kwenye tope mpaka akampita kwa shingo karibu kabisa na mstari.

Hiyo video ya Orfevre na ile ya Enable na Sea of Class zitazamwe pamoja. Zinasema kitu kimoja. Longchamp ina kilima upande wa nyuma, halafu inateremka, halafu kuna kipande ambacho unadhani umeingia mnyoosho wa mwisho kumbe bado. Wengi huwasha moto hapo. Ukikutana na tope na kasi kubwa tangu mwanzo, anayetoka mbele mapema analipa mita 200 za mwisho. Mwaka jana Enable alilipa, ikabaki chenji ya shingo.

Ndiyo maana swali la nani ana nguvu za kumpiga Enable linaweza kusubiri. La kuangalia ni nani atakuwa bado anaongeza mwendo pale yeye anapoanza kuishiwa. Kwa swali hilo majina yanapungua haraka, yanabaki mawili, na yote ni ya Ufaransa.

La kwanza ni Sottsass. Miaka mitatu, kashinda Prix du Jockey Club, ambayo ndiyo Derby ya Ufaransa, kwa muda wa rekodi, na mwezi uliopita akashinda Prix Niel hapo Longchamp akitafuta upenyo kwa utulivu wa mtu mzima. Hajakimbizwa sana, kilo zake 56.5, anatulia nyuma. Kinachotia wasiwasi ni kwamba ile rekodi aliiweka kwenye uwanja mkavu wa Juni. Tope la Oktoba ni mtihani mwingine kabisa.

La pili ni Waldgeist, na hapa ndipo watu watacheka. Miaka mitano. Kabeba kilo 59.5. Enable ameshampiga mara tatu: Arc ya mwaka jana Waldgeist alikuwa wa nne, Marekani hakufika popote, Ascot mwezi wa saba akawa wa tatu. Kwa macho ya haraka huyu ni msindikizaji wa kudumu, yule mshikaji anayekuja kila sherehe na hakuna anayemkumbuka kwenye picha.

Ila itazame ile King George tena, safari hii usimwangalie Enable. Wawili wanabanana mbele, mtaa mzima unapiga kelele, na huku nyuma Waldgeist anakuja taratibu, hajakata tamaa, anamaliza nyuma yao sio mbali. Tangu hapo kakimbia mara moja tu, Prix Foy mwezi uliopita, kashinda bila jasho. Na ule Ganay wa mwezi wa nne ambao Ghaiyyath alikuwa wa tatu, aliyeshinda ni Waldgeist, kwa pengo kubwa. Enable yeye kapigana vita tatu nzito tangu Julai. Waldgeist katunzwa.

Aliyemtunza ndiye anayetisha zaidi. Ni mzee mmoja Mfaransa asiyependa waandishi wa habari, haongei, hatabasamu, hana muda na kiki. Ana Arc saba, na hakuna mwalimu mwingine aliyefika hapo. Mtu wa namna hiyo hamleti farasi wa miaka mitano Oktoba kwa ajili ya kutembea. Madume wa miaka mitano sio kwamba hawashindi kabisa, Marienbard alishinda 2002 akiwa na umri huo, na aliyekuwa juu yake ni yuleyule Mtaliano wetu. Dunia ndogo.

Kwa hiyo yote yanarudi kwa Ghaiyyath. Akienda mbele kwa kasi ya kweli, wa Ireland watamfuata, na Enable, ambaye siku zote anakaa karibu na mbele, atavutwa naye. Atatoka mbele mnyoosho wa mwisho, hilo halina ubishi. Uwanja utalipuka. Kuanzia hapo ni tope, kilo 58 na Mfaransa mmoja anayekuja kwa nje bila kelele. Kasi ikiwa ndogo, Enable atashinda na historia itaandikwa, na atakayelia asilie. Lakini kwa uwanja ulivyo na kwa alivyo Ghaiyyath, kasi haitakuwa ndogo.

Mkeka uko hivi: Waldgeist kushinda, Enable wa pili, Sottsass wa tatu. Bei ya Waldgeist inazidi 10.00, kwa hiyo hata jero ikienda haiumi. Japan asipuuzwe na wanaoweka nafasi nne. Wale farasi watatu ambao hawajatajwa wasilaumu, nafasi ni chache.

Timu Enable, mnajulikana mlipo. Dondosheni povu hapo chini leo, na Jumatatu asifute mtu.